Mwalimu Aliyeuliza Kila Kitu ni cha Nani

Alianza na jembe langu. Nilikuwa napalilia maharage karibu na ua wa kambi ya Wapolandi, mgongo unaniuma, nikasikia sauti nzito inanisalimu kwa Kibena, "Kamwene." Nikainuka. Mzungu mzee, mrefu, kakonda mpaka koti linaning'inia, na shingoni kajifunga kijiko cha bati kwa kamba. Nikaitikia kamwene. Wazungu wengine wa kambini walikuwa wakitaka mayai, au maji, au kuonyeshwa njia. Huyu akanyoosha kidole kwenye jembe langu, akauliza, "Cha nani?"

"La nani," nikamsahihisha. "Jembe linaenda na la."

"La nani?"

"La Mligo."

"Mligo ni wewe?"

"Mligo ni mume wangu. Amekufa."

Alifurahi kama mtu aliyeokota yai. Jembe lile nililinunua mwenyewe kwa kuuza viazi, Mligo akiwa amekwisha kuzikwa zamani. Hilo hakuuliza, na mimi sikulisema, kwa sababu kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa. Mwanamume akifa akaacha mtoto, mjane akabaki kulima, vyote vya pale vinaitwa kwa jina la marehemu: shamba, jembe, mbuzi, hata mbuzi aliyezaliwa baada ya msiba. Mjane anayesema "langu" anatangaza kwamba amemfukuza mumewe hata kaburini na anatafuta mwingine wa kuja kula jasho la mwenzake. Kwa hiyo unasema "la Mligo," na kila anayekusikia anajua kwamba ni lako wewe mpaka mtoto atakapokua. Mimi nilikuwa na binti, Tumaini. Ndiye niliyekuwa namshikia lile shamba.

Siku hiyohiyo mzee alinitajia jina lake. Kambini wenzake walimwita Profesa. Sisi tulimwita Mwalimu, na watoto wetu, ambao hawana adabu wala hawakosei, walimwita Bwana Ya-Nani. Akipita wanamkimbilia wanamwonyesha vitu: kuku, jiwe, kamasi. Ya nani? Za nani? Anajibiwa, na yeye anashukuru kila jibu.

Msiokuwepo, niwaeleze. Wakati wa ile vita ya pili Mwingereza alituletea Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Warusi walikuwa wamewang'oa kwao wakawapeleka mbali kwenye baridi, wakatoka huko kwa kupitia Uajemi, wakaishia kuwekwa kwenye misheni ya Wajerumani upande wetu wa Mdandu. Wajerumani wenyewe walikuwa wamekamatwa. Mimi nilikuwa nimesoma kwa hao Wajerumani nikiwa binti, nikapata kazi ya kufua nguo za kambi. Na kipande cha chini cha shamba la Mligo, kile kinachoshuka mpaka mtoni, jumbe alikuja kukiomba wageni wapande kabichi mpaka vita iishe. Nikakitoa. Mgeni hanyimwi ardhi ya kupanda kabichi.

Nguo zake Mwalimu hakunipa. Alikuja nazo mtoni mwenyewe, shati moja na suruali moja, akakaa kwenye jiwe kando yangu, akazifua vibaya. Nikimwambia lete nikusaidie, analikumbatia lile shati lenye maji. Mtu aliyekuwa akidharau mali kuliko padri yeyote, aliyesema wenye mali ni wagonjwa, usingeweza kumgusia kijiko chake. Alilala nacho. Viazi alivificha chini ya godoro mpaka vikachipua, na wapishi wa kambi walipovitupa aligombana nao kwa lugha tatu. Hakumpa mtoto wa mtu hata ganda la ndizi. Lakini siku moja alimvulia Tumaini koti lake kwa ajili ya mvua, akarudi kambini amelowa na kutetemeka, na koti hakuja kulidai. Nililipeleka mwenyewe. Akalipokea kwa haraka, akakagua mifuko.

Hapo mtoni ndipo nilipojifunza kazi yake. Aliniuliza, "Mama Tumaini, mwana wako wewe unamwitaje?"

"Mwanangu."

"Na mume wa yule?"

"Mumewe."

"Na shamba lako?"

"Shamba langu."

"Husemi shambangu?"

Nikacheka mpaka sabuni ikaniponyoka. Nikamwambia hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema shambangu. Akajipiga goti. Akasema amezunguka nusu ya dunia kwa miguu na kwa behewa la ng'ombe ili aje asikie hilo.

Kazi yake yote ya maisha ilikuwa hiyo, kutafuta jinsi watu walivyoanza kusema changu. Si watu wote. Alichagua jamaa ya lugha za Kituruki, lugha za watu wa farasi, zilizotapakaa kutoka upande wa China mpaka kwenye mji wake huko Polandi, ambako jirani zake wa mlango wa pili walikuwa Wakaraimu, watu wachache wenye lugha ya ukoo huo. Farasi kwao ni at, aliniambia. Farasi wangu, atim. Farasi wake, ati. "Imegandamana," akasema, "kama ile mwanangu yako. Ila kwao imeganda kwenye kila kitu. Jicho, mama, farasi, nyumba, shamba, kifo."

Alivyoamini yeye, zamani sana, kabla mtu hajachonga herufi kwenye jiwe, kile kipande cha mwisho kilikuwa neno zima, mimi au wewe au yule, likitembea peke yake nyuma ya jina la kitu. Likachakaa kwa kusemwasemwa, mwisho likashika. Kwanza likashika kwenye mwili na kwa ndugu, kwa vile ambavyo mtu hawezi kuviuza, kisha kwenye farasi, kisha kila mahali. "Nakisia," alikuwa akisema, kwa sababu mawe ya kale kuliko yote aliyoyasoma yalikuwa tayari yana maneno yaliyoganda. "Lakini ninyi mmesimama katikati ya mto. Ndugu wameganda, mali bado. Kwa kuwatazama ninyi naona jinsi wale walivyovuka."

Mimi nilikuwa nakamua shuka. Sikujali sana Waturuki wamevuka au wamezama. Ila ukisikilizwa na mtu aliyesoma, anakutazama mdomoni kana kwamba unatoa dhahabu, unaona raha, na mimi mjane mfua nguo nilikuwa sijatazamwa hivyo na mtu yeyote kwa muda mrefu. Nikawa namwekea maneno. Nikisikia bibi kasema kitu cha ajabu njiani, nakishika kichwani mpaka siku ya kufua.

Kulikuwa na jambo jingine alilolirudiarudia. Ukitaka kusema kichwa cha farasi kwa Kituruki, unasema cha farasi, kichwa chake. Mwenye anatiwa alama na kitu chake kinatiwa alama. Ila kwenye mawe ya kale mara nyingi mwenye hakuwa na alama yoyote, mali peke yake ndiyo ilisema ninaye mwenyewe. Alama ya mwenye ilikuja kuzoeleka baadaye. Nikamwambia hata mbuzi ndivyo walivyo, sikio la mbuzi limekatwa lakini la mwenye mbuzi halijakatwa. Alicheka sana, na Mwalimu akicheka alifunika mdomo kwa sababu ya meno.

La tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Kipolandi kina neno moja fupi la kusema nina mali: mam. Wanafunzi wake, watoto wa Kipolandi waliokuwa wanamwogopa kwa sababu ya rula yake, walipokuwa wakiliimba darasani nilidhani wanalilia mama zao, na huenda wengine walikuwa wanalia kweli. Waturuki hawana neno hilo. Wana njia mbili. Ya kwanza ni kusema farasi wangu yupo. Hata akiwa mlima wa tatu anakula nyasi, hata akiwa ameibiwa, ni wako, na unasema yupo. Ya pili ni kusema kwangu kuna farasi. Huyo yuko mkononi mwako leo, lakini anaweza kuwa wa mtu yeyote. Jirani zake Wakaraimu walikuwa wameizoea hii ya pili kwa kukaa miaka mingi na watu wanaosema hivyo. Huko nyikani kwa Wakazaki, ambako Warusi walimtupa, alizisikia zote mbili, na watu hawakuzichanganya.

"Kilicho changu na kilicho kwangu," akasema. "Mtu mwenye akili havichanganyi. Serikali huvichanganya kila siku."

Maneno hayo aliyasema yeye. Nilikuwepo, mikono yangu ikiwa kwenye maji.

Alikuwa na misemo yake, mingine nimeisahau na mingine naitumia bado bila kupenda. Kijiko ni ndugu wa mwisho kukuacha. Chenye mwenyewe hakipotei, anayepotea ni mwenyewe. Akiona Walutheri tunakwenda ibadani alisema Mungu ndiye mwenye shamba asiyelima. Nilimkemea kwa hilo. Yeye hakuingia kanisani, wala letu wala la Wakatoliki wenzake, lakini tukiimba vibaya anasimama dirishani anatikisa kichwa. Mkewe alibaki njiani, kando ya reli, huko kwenye baridi. Nilipomuuliza habari zake aliniambia, "Mke wangu yupo," kisha akaufua ule ukosi wa shati mpaka ukachanika. Sikumuuliza tena.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, aliupenda. Msimu wa mvua mianzi ikianza kutoa, namtengea mbeta moja, kile chombo cha mwanzi, ya asubuhi, ule mtamu ambao haujachacha, anaunywa amesimama. Akauliza, kama kawaida, mianzi ya nani. Nikamwambia ni ya baba mkwe, aliyeipanda. Baba mkwe naye alikuwa amekwisha kufa.

"Kwenu wafu ni matajiri kuliko walio hai."

"Wafu hawali, Mwalimu. Tunaokula ni sisi."

"Naelewa," akasema. "Naelewa vizuri kabisa."

Na alielewa. Alinisimulia kwamba kule nyikani alipewa hifadhi na mjane wa Kikazaki, mwanamke mkali mwenye mbuzi na ngamia mmoja. Mjane yule alikuwa akisema mbuzi wa marehemu, hema la marehemu, ngamia wa marehemu, na hakuna aliyethubutu kumgusa, maana kila mtu alijua anayewakamua ni nani. Kisha siku moja wakaja wakubwa wa serikali wakamwuliza mifugo ni ya nani. Akajibu kama alivyozoea. Wakasema vyema, marehemu hahitaji mifugo, wakaiswaga yote. Mwalimu alikuwepo, amekaa ndani ya hema. Aliponisimulia alikuwa na hasira mpaka mate yanamtoka. Alisema wale watu walisikia jibu na hawakutaka kulielewa.

Nawaomba mlishike hilo. Mtu huyu hadithi hiyo alikuwa nayo, na mimi nilipewa naye bila kumwomba.

Kitu kimoja tu kilimpunguza kimo. Akija mtu wa boma, hata akiwa tarishi, Mwalimu alisimama, akavua kofia, akashika kijiko. Tarishi wetu alikuwa binamu yangu, kijana asiyejua hata kufunga viatu, na yule mzee aliyesoma lugha zisizohesabika anamwinamia. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa shangazi yangu, mwambie akuchotee maji." Akasema, "Ana kofia."

Vita ikaisha, kambi ikaanza kuvunjwa. Kila wiki lori linaondoka na watu. Wengine walipelekwa Uingereza, wengine nchi nilizozisikia kwake tu. Waliokuwa na kasoro yoyote kwenye vitabu vya boma walihofia kurudishwa mikononi mwa wale waliowang'oa. Mwalimu akawa halali. Akija mtoni haulizi tena cha nani, anauliza kama nimesikia lolote kwa binamu yangu. Nilimwekea ulanzi, hakuumaliza.

Ndipo akatokea mlowezi mmoja anataka nchi ya kupanda miwati, ile miti inayokwanguliwa magome ya kutengenezea ngozi. Alipitia bonde letu akalipenda. Kwenye ile kabichi ya kambi aliona ardhi nzuri, akauliza inakoishia. Inaishia kwenye mianzi yetu, juu, penye kaburi la Mligo. Baada ya muda mfupi tukaitwa baraza Mdandu, kwenye veranda ya baraza la mtwa, chifu wetu, na Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, akaja kutoka Njombe. Alisema ardhi yenye mwenyewe haitaguswa. Ile isiyo na mwenyewe itagawiwa.

Tulioitwa tulikuwa wachache. Wanaume walisema yao wakaachiwa mashamba yao, wengine yote, wengine nusu. Likafika shamba letu. Mkuu wa kambi alikuwa amemwambia Bwana Shauri kwamba kuna mzee mmoja Mpolandi ambaye ameuliza kila kitu cha bonde lile ni cha nani, na anajua kuliko karani yeyote. Kwa hiyo alikuwepo, kwenye kiti, kofia magotini. Nilipomwona roho yangu ilitulia. Nilijisemea, leo nina mtu.

Bwana Shauri aliniuliza mimi kwanza, kwa Kiswahili cha boma. "Mama, hili shamba ni lako?"

Mashemeji zangu wamesimama ukutani. Mama mkwe amekaa chini, amejifunika khanga. Tumaini kanishika gauni. Ningesemaje "langu" mbele ya mama aliyemzaa Mligo? Ningekuwa nimemzika mara ya pili, yeye akiona. Nikajibu kama mwanamke yeyote wa kwetu mwenye heshima angejibu.

"Ni la Mligo, Bwana."

"Mligo yuko wapi?"

"Amefariki."

Wanaume wa kwetu hawakushtuka, kwa sababu wao walisikia nimesema ni langu. Walikuwa wanangoja Bwana Shauri aendelee na shamba jingine. Yeye akamgeukia Mwalimu. "Wewe umekaa nao. Umewahi kumsikia huyu mama akisema shamba ni lake?"

"Hapana," Mwalimu akasema. "Siku zote alisema ni la Mligo."

"Na mianzi?"

"Alisema ni ya baba mkwe. Marehemu pia."

Yote ni kweli. Hata neno moja hakupotosha. Nilimtazama, na yeye alinitazama, na nikajua kwamba anamwona yule mjane wa Kikazaki, kwa sababu uso wake uligeuka rangi. Bwana Shauri, nitamtendea haki, hakuwa na haraka. Alikunja miguu akamuuliza, "Una la kuongeza?"

Mwalimu alishika kijiko. Akasimama, akashikilia kofia kifuani kama alivyokuwa akimfanyia binamu yangu.

"Hapana, Bwana. Sina la kuongeza."

Nilianza kusema mimi. Nilisema, Bwana, ngoja, kwetu ni hivi na hivi. Karani akaninyamazisha, akasema nimekwisha kuulizwa na nimekwisha kujibu, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengine wakacheka. Shemeji mkubwa alijaribu kusema kidogo, akaambiwa kama shamba lilikuwa lake mbona halimi. Mlowezi alipewa bonde lote, kabichi, maharage, mianzi mpaka juu. Kaburi walisema halitachimbwa. Kweli, halikuchimbwa. Walipanda miti kulizunguka.

Jioni ile Mwalimu alikuja mpaka kizingitini kwangu, akasimama nje. Mimi nilikuwa nafunga vyungu. Sikumkaribisha. Nilimwachia mgongo wangu mpaka akachoka akaondoka. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Punda ana udhuru, hajasoma.

Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. Nilichukua Tumaini nikarudi kwa kaka yangu, huko Kichiwa, nikapewa ukingo wa shamba ambao mawe ni mengi kuliko udongo. Tumaini alipokua, kazi ilikuwa ni moja tu. Akarudi kwenye bonde lile kukwangua magome ya miwati kwa mshahara wa mlowezi.

Nikawa mtu wa Makambako, siku za soko. Natoka Kichiwa na viazi pamoja na ulanzi, naufuata ule mji mdogo wa njia panda, maduka machache ya Wahindi, vumbi, malori ya kwenda Mbeya na ya kwenda Iringa. Siku hiyo nilikuwa nimetua mzigo nyuma ya duka moja kwenye kivuli cha ukuta, nikasikia, "Kamwene, Mama Tumaini."

Alikuwa anashona magunia. Amekaa kwenye gunia, ameshika shazia, miguu imevimba, kijiko kiko palepale. Nilidhani alikwisha kufika Uingereza zamani. Akaniambia walimpima kifua wakamwacha. Nchi zile zilitaka mikono, yeye alikuwa na kichwa tu. Lori la mwisho liliondoka bila yeye, na Mhindi mwenye duka akampa chumba cha nyuma kwa kushona magunia. Kwa hiyo alichokiogopa hakikumpata, na alichokitaka hakukipata, na shamba langu lilikwenda bure. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo.

"Niliogopa," akasema.

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini mimi niliulizwa mbele ya mama mkwe. Wewe mbele yako alikuwa nani?"

Alitoa kigoda chumbani akaniwekea, nikabaki nimesimama. Akaniomba ulanzi. Nikampimia, akalipa, nikapokea, maana nilikuwa nimekuja sokoni kuuza. Alikunywa kidogo kidogo, akakohoa, kisha yale macho ya mtoni yakamrudia.

"Lile shamba," akasema, "siku hizi wanaliitaje?"

"Kwa Mligo."

"Wote?"

"Wakwanguaji wote. Msimamizi naye. Hata mlowezi mwenyewe amebandika kibao, Kwa Mligo, ili malori yasipotee."

Basi akafurahi. Aliweka chini lile gunia, akafunika mdomo, akacheka. Akasema, "Unaona? Liko kwake mlowezi, lakini ni la Mligo. Bado ni la Mligo." Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia dakika ile.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanangu anakwangua magome ya miti ya watu juu ya kaburi la baba yake. Akirudi mikono yake imekuwa myeusi, haiwezi kushika hata ugali. Jina halipikwi."

Furaha ikamtoka. Alichomeka sindano kwenye gunia. Kisha akasema kile alichokuwa amenisubiria kukisema, naamini hata kabla sijatokea. Alisema kifua chake hakitafika masika mengine. Mke hana, mtoto hana, wenzake wametawanyika, na Mhindi anamwita Mzee tu. Watamzika huko nyuma, kando ya barabara. Alitaka kitu kimoja. Watu wakipita pale, waseme kwa fulani. Hata shimo tu, liwe la mtu.

"Ninyi mnaweza kufanya hivyo," akasema. "Mkiliita mara moja, linabaki. Wewe jina langu unalijua."

Ninalijua. Alinifundisha kulitamka mtoni, kwa miezi, mpaka ulimi wangu ukazizoea zile sauti zao zinazogongana, na mpaka leo Mbena mwingine anayeweza kulitamka sidhani kama yupo. Alilirudia pale, polepole, akinitazama mdomoni nilivyozoea kutazamwa. Nikajitwika mzigo wangu. Nikamwambia viazi vyangu vinaungua na jua.

Alikufa kabla ya masika, kama alivyosema. Walimzika nyuma ya maduka, kando ya njia ya kwenda Njombe, wakaweka mawe. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini sikwepi njia ile, napita pale kila siku ya soko na mzigo wangu kichwani. Mara nyingine mgeni aliyeshuka kwenye lori anajinyoosha, anayaona yale mawe, ananiuliza mimi kwa sababu ndiye mtu mzima aliye karibu.

"Mama, kaburi hili ni la nani?"

"La Mzungu mmoja."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Hapo huweka mzigo sawa kichwani, nikamwambia sina la kuongeza.